Mikono ya Kushoto ya Gredi ya Saba

Jumanne ya wiki ya tano ya muhula wa pili, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Nasambu aliwaambia wanafunzi sitini na mmoja wa Gredi ya Saba waweke kalamu chini wamsikilize. Shule yenyewe iko nyuma kidogo ya Baba Dogo, mahali ambapo moshi wa viwanda huingia darasani kabla ya mwalimu. Nasambu alikuwa na shahada ya takwimu na sasa alisomea stashahada ya uzamili ya ualimu. Chuo kilikuwa kimemtuma hapo kufanya mazoezi ya kufundisha hisabati.

"Leo tuna mgeni kutoka chuoni," alisema. "Nikiuliza swali, kila mtu anainua mkono. Anayejua jibu ainue wa kulia. Asiyejua ainue wa kushoto. Mimi nitachagua wa kulia pekee."

"Na kama huna uhakika, Madam?" aliuliza Opiyo, ambaye alikuwa na uhakika siku zote.

"Wa kushoto."

Ujanja huo haukuwa wake. Mwalimu Kitonga, mwalimu wake mlezi, ndiye aliyempa, akimenya chungwa katika chumba cha walimu. Kitonga naye alipewa na mwalimu aliyemlea yeye, miaka kumi na tisa iliyopita. Hakuna aliyewahi kuuita uongo. Waliuita maandalizi. Somo lenyewe lilikuwa limeshafundishwa Ijumaa, neno kwa neno, hadi kwenye mzaha wa katikati.

Dakta Shitanda, mkaguzi wa chuo, alifika saa tatu kamili na kuketi nyuma akiwa na fomu yake ya kurasa nne. Nasambu aliandika ubaoni robo jumlisha theluthi, akauliza nani ana jibu. Mikono sitini na mmoja ilipanda pamoja. Ishirini na miwili kati yake ilikuwa ya kushoto, lakini mtu aliyeketi nyuma huona migongo na mikono tu. Nasambu alimchagua Opiyo.

"Saba juu ya kumi na mbili," alisema Opiyo.

Shitanda akaandika. Baadaye, chini ya mti wa jakaranda penye maegesho, alimwambia Nasambu kwamba darasa lake lilikuwa hai. Alimpa alama sabini na nane, na Shitanda si mtu wa kugawa alama ovyo. Nasambu alishukuru mara tatu, mara moja zaidi ya ilivyohitajika.

Aliporudi darasani alikuta mikono yote ingali juu, akawaambia waishushe. Ya kulia ilishuka. Ya kushoto ikabaki juu.

"Nimesema tushushe."

"Madam, yangu haishuki," alisema Kavinya, msichana wa dawati la tatu dirishani. Aliuvuta mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia ili mwalimu aone. Ulikuwa umekaza kama mlango uliokomewa kwa ndani. Wengine ishirini na mmoja nao wakavuta, wakaona ni vilevile. Kisha kengele ya mapumziko ililia, wakatoka kwenda kununua mandazi, mikono ikiwa juu.

Shule ilizoea ndani ya siku tatu. Madam Akech, mwalimu mkuu, aliwaandikia wazazi barua kuhusu sweta: mkono wa kushoto ukatwe na kushonwa zipu ubavuni ili mtoto aweze kuvaa bila kupasua. Fundi wa nguo wa Lucky Summer alipata kazi ya wiki nzima. Waendesha bodaboda walisimama mbele ya watoto hao kila hatua kumi wakidhani wanaitwa, wakaondoka wakinuna. Kanisani ndiko walikopata nafuu, kwa kuwa huko mikono juu ni jambo la kawaida, na mchungaji wa kina Kavinya alimsifu mbele ya watu wote kwa bidii yake ya kuabudu.

Usiku ndio ulikuwa na taabu. Mtu hawezi kulala kifudifudi akiwa ameinua mkono, na kitanda cha Kavinya kilikuwa cha chini katika vile vya kupandana. Hata akilala mkono wake ulielekea darini, ukimchoma mgongoni dada yake wa kitanda cha juu kupitia godoro.

Baba yake, Kyule, alikuja shuleni Ijumaa. Alikuwa mchonga vinyago katika karakana moja karibu na Pumwani, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la mbao. Alileta nguzo fupi ya mpingo bandia, ule mti wa kawaida unaopakwa rangi nyeusi, yenye panda juu, aliyoichonga na kuisugua kwa msasa mpaka ikawa laini. Aliisimamisha juu ya dawati la bintiye, akauweka mkono wa Kavinya kwenye panda ile, akarudi nyuma kutazama kama amepima sawasawa. Kisha alimsogelea Nasambu.

"Habari ya asubuhi, mwalimu."

"Nzuri, Baba Kavinya."

"Samahani kwa kukukatizia. Nilikuwa nauliza tu. Huyu mtoto anangoja nini?"

Nasambu angeweza kusema hajui. "Anangoja kuchaguliwa," alisema.

"Basi mchague."

"Nitamchagua."

"Asante, mwalimu. Sisi hatuna haraka. Ni usingizi tu ndio shida." Akamshika mkono kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshapewa alichokuja kuomba, akaenda zake. Nasambu alihisi aibu mpaka masikioni. Alisimama ubaoni akafuta mahali palipokuwa pasafi.

Hakuwa amedanganya. Alijua tayari kwamba dawa ni hiyo, kwa sababu ya Jama, mmoja wa wale wenye mkono juu. Jumatano na Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, Jama alikuwa amebaki darasani kwa kuwa wenzake hawakumtaka golini akiwa hivyo. Walisema anadaka nusu. Nasambu alimwuliza lile swali, kwa mazungumzo tu.

"Si ni mbili juu ya saba, Madam?"

Angeweza kumwambia si hivyo na kumtajia jibu. Badala yake alimwuliza amefikaje hapo, na Jama akaeleza: moja na moja ni mbili, nne na tatu ni saba. Nasambu alichora chapati. Wakaikata robo, wakaikata theluthi, vipande vikakataa kulingana, wakachora nyingine. Chapati ya tisa, siku ya pili, waliikata vipande kumi na viwili. Jama aliitazama kwa muda mrefu. Aliposema saba, mkono wake ulianguka juu ya dawati kwa kishindo. Aliupapasa, akaukunja mara mbili, akaomba ruhusa ya kwenda kucheza.

Nasambu alipiga hesabu, kwani takwimu ndiyo aliyosomea. Walibaki ishirini na mmoja. Kila mmoja siku mbili za chakula cha mchana, jumla arobaini na mbili. Mazoezi yake yalikuwa yamebakisha siku kumi na tano za kufundisha kabla ya mitihani. Ingebidi achukue vipindi vyenyewe. Ingebidi arudie somo la sehemu, robo na theluthi, tangu mwanzo, mbele ya darasa zima, na kumchagua kila mwenye mkono wa kushoto juu bila kuharakisha.

Alimwendea Kitonga.

"Azimio la kazi linasema wiki hii ni desimali," alisema Kitonga.

"Na ile mikono, Mwalimu?"

"Shitanda anarudi tarehe kumi na nne, Nasambu. Unataka akukute bado kwenye sehemu? Ataandika uko nyuma, na atakuwa sahihi." Alisema hivyo kwa huruma. Alimpenda Nasambu, na alitaka ahitimu. "Maliza kwanza, upate cheti. Ukishakuwa mwalimu kamili utawasaidia watoto wengi tu."

Maneno hayo yalimpendeza Nasambu kuliko ilivyofaa, na yeye mwenyewe alijua hivyo. Hata hivyo siku ile ya Ijumaa, baada ya Kyule kuondoka, alimwita Kavinya pembeni.

"Wewe ndiye utakuwa wa kwanza," alimwambia. "Jumatatu, saa ya chakula."

"Sawa, Madam."

Jumatatu Nasambu alikaa chumba cha walimu akipanga faili lake la maandalio ya masomo, kwa sababu Shitanda hukagua faili kabla ya kukagua mwalimu. Kupitia dirisha aliona kwamba Kavinya hakutoka kwenda kula. Alikuwa ameketi dawatini, mkono juu ya panda, daftari limefunguliwa ukurasa mpya. Nasambu alijiambia atamaliza faili kwa dakika kumi. Kengele ilimkuta akipiga mistari kwa rula. Jumanne Kavinya alibaki tena. Jumatano alienda kula.

Tarehe kumi na nne Shitanda alipoingia, mikono ishirini na mmoja ilikuwa juu kabla swali halijaulizwa. Safari hii Nasambu hakuwa ameandaa chochote. Hakuhitaji. Mkaguzi alitazama kutoka nyuma, akaandika katika fomu kwamba wanafunzi wana hamu ya kujifunza hata kabla ya kuulizwa, akapigia mstari neno hamu.

Nasambu aliuliza nani anaweza kugeuza tatu juu ya nne kuwa desimali. Mikono ya kulia ikaungana na ile ya kushoto. Kavinya hakuangalia ubao. Alimwangalia mwalimu, akasema kwa sauti ndogo, "Madam." Chaki ya Nasambu ilikuwa imeshaelekea dirishani. Ilitosha kusema jina. Mtoto angekosea, wangechora chapati, kipindi kingeisha kwenye chapati ya nne, na Shitanda angeona mwalimu akifundisha. Lakini katika fomu hakukuwa na kisanduku cha hilo.

"Celine," alisema Nasambu.

"Nukta saba tano," alisema Celine, akiwa na mkono wake wa kulia bado hewani.

Alipata alama themanini na nne. Jioni hiyo alishindwa kula. Shangazi yake aliyekuwa akiishi naye Makongeni alimwuliza kama ameanguka mtihani, naye akasema amepita, na shangazi akamwambia basi uso huo auweke mbali na sufuria. Nasambu alienda kulala akajaribu kulala mkono mmoja ukiwa juu, aone ilivyo. Ulichoka baada ya dakika nne, akaushusha. Hilo lilimfanya ajichukie zaidi, kwamba wake ulishuka.

Baada ya hapo kulikuwa na mitihani ya mwisho wa muhula, kisha kusahihisha, kisha kujaza ripoti. Kwenye ripoti ya Kavinya aliandika kwamba anashiriki vyema darasani. Alifuta, akakosa la kuandika, akaliandika tena.

Siku ya kuagana walimwimbia. Waliokuwa na mikono miwili huru walipiga makofi, na wale wengine walipiga dawati kwa mkono wa kulia, kwa mpigo sawasawa, maana walikuwa wamefanya mazoezi. Nasambu alikuwa amejiandaa kuwaomba msamaha. Alisimama mbele yao akasema wasome kwa bidii.

Muhula wa tatu ulipoanza alirudi shuleni mara moja tu, kupigiwa muhuri fomu ya mwisho. Bila muhuri huo asingehitimu Disemba. Madam Akech alimkaribisha vizuri, akatoa kidau cha wino, kisha akamwambia kuna mwanafunzi mpya wa mazoezi, Frankline Owiti, na Kitonga yuko likizo. Akamwomba Nasambu amwelekeze kwa dakika tano tu.

Frankline alikuwa kijana nadhifu, na kijitabu chake kilikuwa kipya. Walisimama watatu mlangoni pa Gredi ya Saba, Madam Akech akiwa na muhuri mkononi. Ndani, mikono ishirini na mmoja ilikuwa juu. Mingine ilikuwa imekonda kidogo. Panda ya Kavinya ilikuwa imeongezewa urefu chini, kwa kuwa mtoto alikuwa anakua.

"Na hawa walioinua?" aliuliza Frankline. "Wana swali?"

Nasambu alikuwa na jibu. Alikuwa amelibeba likizo nzima. Wachague mmoja mmoja, ndilo lilikuwa jibu, na itakuchukua muhula, na mkaguzi ataandika uko nyuma. Lakini kulisema pale ilikuwa kusema pia mikono hiyo ilipandaje, na alama zile sabini na nane zilitoka wapi.

"Hao walishainua," alisema. "Wewe chagua wa kulia."

Frankline aliandika kwenye kijitabu. Madam Akech aliegemeza fomu ukutani akapiga muhuri, akamwambia apulize wino ukauke.

Nasambu alikuwa angali akipuliza wino pale Frankline alipoanza somo. Aliuliza tano ni asilimia ngapi ya ishirini. Mikono ya kulia ilipanda hapa na pale, na mmojawapo ulikuwa wa Kavinya. Kule karakanani, jioni, baba yake alikuwa amemfundisha kugawa kwa vipande vya mbao vilivyobaki, mpaka asilimia zikamwingia. Sasa alijua. Lakini baba yake hakuwa mwalimu wa darasa lile, na mkono wa kushoto haukuwa umemngoja yeye. Kwa hiyo aliketi akiwa ameinua yote miwili.

Frankline aliangalia kijitabu. Hakukuwa na neno kuhusu mikono miwili. Akamtazama Nasambu mlangoni, nyusi juu, akisubiri.

Nasambu aliona midomo ya Kavinya ikisema ishirini na tano bila sauti, na ikisema tena. Wino ulikuwa bado haujakauka. Aliinamisha uso, akapuliza.

"Opiyo," alisema Frankline.

Opiyo alisimama, akajibu, akapongezwa. Alipokaa, Kavinya alishusha mkono wa kulia, na somo likaendelea.