Kuku wa Dengu

Wiki mbili kabla ya Krismasi wifi yangu alinipigia simu kunitangazia kwamba mwaka huu nyumbani kwake hakitaingia hata kipande cha nyama. Alilitamka neno "nyama" kama mtu anayetaja jina la mwizi.

"Daktari hali nyama tena, Wifi," akaniambia. "Na sisi tutamuunga mkono. Mezani mimea mitupu. Mapishi nimeshayapata."

Mimi nilipika katika jiko la shule ya bweni kwa miaka thelathini na moja. Maharage Jumatatu, maharage Jumanne, kabichi Jumatano, Alhamisi maharage tena yaliyokutana na ile kabichi. Wanafunzi mia sita walikula mimea mikononi mwangu tangu sauti hazijavunjika mpaka wakaota ndevu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita mbunifu. Waliniita Mama Mawe, kwa sababu ya vijiwe vichache vilivyonipita wakati wa kuchambua. Leo mwanamke ambaye hajawahi kuchemsha sufuria kubwa kuliko kichwa chake ananieleza habari za kunde.

"Hongera," nikamwambia.

Huyo Daktari ni mtoto wa pekee wa mdogo wangu, na hajawa daktari wa kitu chochote. Yuko mwaka wa pili chuoni. Lakini siku ile barua ya kukubaliwa udaktari ilipofika, baba yake aliacha kumwita kwa jina lake, na nyumba nzima ikafuata. Daktari, niletee maji. Daktari, zima televisheni. Hata jirani wa juu, akiumwa mgongo, anashuka kumuuliza binti wa miaka ishirini ameze nini.

Wifi hakuishia kwenye chakula. Alikuwa ameokota kwenye simu orodha ya zawadi kumi za mwanafunzi zenye kugusa moyo, akanisomea zote huku nimesimama na mkono una unga. Mshumaa wa kunukia. Daftari la kuandika shukrani. Kikombe chenye maneno ya kutia moyo. Blanketi la kujifunika wakati wa kusoma. Nikamwambia wanafunzi niliowajua mimi walitaka vitu vitatu: sabuni, ndala, na kufuli la kuzuia hiyo sabuni na hizo ndala zisitembee. Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Wifi na wewe! Zawadi lazima uifikirie." Kwa hiyo nikanunua sabuni, ndala na kufuli, bila kufikiria hata kidogo.

Siku yenyewe nilifika saa nne asubuhi. Wanakaa ghorofa ya tatu. Mdogo wangu ni fundi wa majokofu, na korido yao huwa imejaa wagonjwa wake, moja halina mlango, jingine limelazwa kifudifudi na nyaya zinaning'inia. Nilipita kwa ubavu mpaka jikoni.

Wifi alikuwa ameinama mezani na aproni mpya, anafinyanga kuku. Sisemi mfano wa kuku. Ni kuku mzima, kifua, mapaja, mabawa yamekunjwa mgongoni, yote ya dengu zilizopondwa na uyoga na korosho. Mifupa ya mapaja alichonga kwa karoti. Ngozi aliitengeneza kwa karatasi ya mchele iliyopakwa mafuta, ikavimba vipele vile vile vya kuku aliyenyonyolewa. Nilisimama nikamtazama mtu mzima mwenye akili timamu akitoboa vitundu vya manyoya kwa kijiti cha meno.

"Hujaona bado," akasema, akanionyesha bakuli la bitiruti zilizosagwa. "Hii inakaa katikati. Ukikata, inatoka majimaji mekundu. Utadhani nyama kabisa!"

Sasa niambieni. Mtu kaacha nyama, wewe unamwokea nyama ya uongo mpaka na damu yake. Nilisonya kimoyomoyo, nikachukua kitunguu nikaanza kumenya ili mdomo wangu upate kazi nyingine.

Daktari akaingia kutusalimia. Alikuwa amekonda, na hilo nililitia kwenye hesabu ya makosa ya mama yake. Alinishika mkono, akainama vizuri kama alivyofundishwa, kisha macho yake yakaangukia mezani wakati ule ule mama yake anajaza bitiruti kwenye tumbo la yule kuku kwa kijiko. Akasema anaenda kuanua nguo. Nikaona midomo imebadilika rangi. Nikakusanya maganda yangu ya vitunguu nikamfuata.

Kule kwenye kibaraza cha kuanikia alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili.

"Ni dengu yule," nikamwambia. "Acha kudeka."

"Najua ni dengu, Shangazi."

"Sasa?"

Akaangalia mlango, kisha akasema kwa haraka, kama mtu aliyerudiarudia maneno yake usiku kucha. "Mimi sijaacha nyama kwa sababu ya afya. Mama ndiye anayesema hivyo. Chuoni tulipewa mwili wa kujifunzia. Watu sita, mwili mmoja. Bibi. Wenzangu walizoea ndani ya wiki, wanatoka mle wanaenda kula huku wanataja misuli. Mimi niliona kucha zake. Zilikuwa zimekatwa vizuri, Shangazi, zote kumi. Kuna mtu alikaa akamshika mkono, akamkata kucha. Nikaweka kisu chini. Sijaingia mle tangu Oktoba."

Nikayatua maganda yangu chini.

"Chuo kimekubali nihamie hesabu," akaendelea. "Kuna fomu, baba aweke sahihi, irudi kabla ya tarehe nne. Isiporudi, inabidi nirudi mle ndani. Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyemlea, anakusikiliza. Mimi nikianza tu ananiita Daktari, na sauti inanikauka."

"Nitamwambia."

"Kabla ya zawadi, Shangazi. Nimeliona boksi, najua lina nini. Likishafunguliwa mbele ya watu, sitaweza tena."

"Nimesema nitamwambia."

Akanishika mkono wangu wenye harufu ya vitunguu akaubusu. Na mimi, nasema wazi kwa sababu sina wa kumdanganya, sikumwonea huruma kwanza. Furaha ndiyo iliyotangulia. Wifi yangu, mwenye kujua kila kitu, alikuwa amemfinyangia kuku anayetoka damu mtoto asiyeweza kutazama kidonda! Na boksi! Nilikuwa na haki ya kuona uso wake mambo yakimwangukia. Miaka ishirini na miwili nimevumilia vitambaa vyake vya mezani.

Nilimkuta mdogo wangu koridoni, amekaa kwenye kigoda mbele ya jokofu, anakaza nati ambayo haikuhitaji kukazwa. Amevaa shati jeupe la sikukuu na bisibisi imo mfukoni. Hakuwepo mtu mwingine.

"Dada, kaa," akasema. "Leo usimchokoze mke wangu, tafadhali. Amehangaika."

"Nimchokoze kwa lipi? Kuku wake namwonea fahari."

Akacheka. Akafuta mikono kwa kitambaa, akaniangalia na yale macho aliyokuwa nayo tangu mdogo, akinisubiri nimwambie jambo. Ananijua, alijua nimekuja na neno. Nilikuwa nalo mdomoni. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano: angekasirika, angepiga jokofu ngumi, angeuliza kwa nini, kisha angeniuliza afanye nini, na mimi ningemwambia aweke sahihi. Ndivyo tulivyofanya siku zote.

Jikoni Wifi akapaza sauti, akiwaeleza jirani wa juu na mkewe waliokuwa wameshaingia: "Siri iko kwenye mafuta ya ufuta. Ulaya hoteli kubwa kubwa wanafanya hivi hivi." Ulaya! Mwanamke hajawahi hata kuvuka mto. Nikajiambia, ngoja kwanza kuku akatwe. Nimwone anavyoumbuka, halafu nitamvuta mdogo wangu pembeni. Muda upo.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Wageni wamefika."

Tukakaa mezani. Kuku akaletwa kwenye sinia, amezungukwa na majani, ngozi imekuwa ya dhahabu, karoti zinachungulia kwenye mapaja. Jirani akapiga makofi. Wifi akachukua kisu kirefu akampasua kifuani, na bitiruti ikachuruzika mpaka ukingoni mwa sinia.

"Jamani, kama nyama kabisa!" akasema mke wa jirani.

Nikamtazama Daktari. Alikuwa ameshikilia kingo za kiti, macho kwenye chumvi. Nikasubiri ainuke, akimbie, mambo yamharibikie mama yake. Hakuinuka. Alipopewa kipande cha paja alisema asante, akakikata vidogo vidogo, akameza kimoja kimoja na maji. Mama yake alikuwa anamtazama kwa furaha isiyo na kasoro. Kitu kibaya zaidi ni kwamba kuku alikuwa mtamu. Nilitafuta kosa kwa ulimi mpaka kwenye karoti, sikulipata. Jirani aliongeza sahani mara tatu, na hakuna mtu aliyeumbuka.

Nikamgusa mdogo wangu begani. "Njoo koridoni kidogo."

"Baadaye, Dada. Sasa ni zawadi."

Akainuka. Mimi pia nikainuka nusu, nikakaa tena, kwa sababu Wifi alikuwa ameshaleta boksi na amelifunga utepe mwekundu wa upana wa mkono. Ningeweza kumshika shati. Badala yake nikajisemea, nimwone kwanza anavyojishaua na huo utepe.

Daktari aliufungua taratibu, akaukunja utepe vizuri, akaondoa mfuniko. Ndani kulikuwa na koti jeupe lililopigwa pasi, kifuani limetariziwa "Dkt." na jina lake kwa uzi wa buluu. Chini ya koti kulikuwa na mkoba mweusi. Baba yake akaufungua mwenyewe kwa sababu hakuweza kusubiri: visu vidogo vya upasuaji, mikasi, koleo, kila kimoja kimelala kwenye kijumba chake.

"Nimevichagua mimi mwenyewe," akasema. "Nilimwuliza muuzaji, kisu gani kinashikika vizuri kwa mkono mdogo. Nilivishika kimoja kimoja." Akafunika uso kwa ile mikono yake yenye makovu ya nyaya, akalia mbele ya wageni. Mdogo wangu hakulia tulipomzika mama yetu. Alibeba jeneza, akarudi akachemsha maji ya chai.

Hapo ndipo niliposema. Sikuchagua maneno, yalitoka yalivyo.

"Huyu mtoto hataki udaktari. Ameacha tangu Oktoba. Anahamia hesabu, na fomu yako iko kwenye begi lake."

Mdogo wangu akashusha mikono. Wifi akaganda na mfuniko wa boksi kifuani. Jirani akaacha kutafuna. Wote wakamgeukia Daktari, na mimi pia nikamgeukia, nikitegemea aseme ndiyo, kwa sababu sehemu ngumu nimeshambebea.

Daktari alimtazama baba yake. Uso bado umelowa, bisibisi bado imo kwenye mfuko wa shati la sikukuu. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akacheka, kicheko chepesi, cha adabu.

"Shangazi naye," akasema. "Mnamjua. Tangu asubuhi anatafuta la kuharibu."

Jirani akacheka, mkewe akacheka. Wifi akashusha pumzi. "Wifi! Ulitaka kuniua kwa mshtuko!" Akanipiga begani kwa mfuniko wa boksi, karibu kwa upendo. Waliamini papo hapo. Hakuna aliyeuliza swali hata moja, wala hakuna aliyelitazama begi. Kwa nini waulize? Mwaka juzi nilisema keki yake ina ladha ya sabuni. Mwaka uliotangulia nilisema mti wake umesimama kama mlevi. Niliyosema leo yaliingia kwenye kapu hilo hilo.

"Ni kweli," nikasema. "Mwulizeni kuhusu yule bibi. Mwulizeni kuhusu kucha."

"Dada." Mdogo wangu hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Hata leo?"

Maisha yake yote hakuwahi kuniangalia hivyo.

Daktari alikuwa ameshalivaa koti. Lilimpwaya mabegani. Mama yake alikuwa anatafuta simu ya kupigia picha, baba yake anajifuta uso kwa kitambaa cha mezani, na mke wa jirani anamwambia asimame karibu na dirisha penye mwanga. Akaja kwanza kwangu. Akasimama mbele ya kiti changu, mikono imeshuka ubavuni, kidevu amekiinua.

"Nifunge vifungo, Shangazi," akasema. "Ni vipya, vimekaza, mimi siviwezi."

Macho yake yalikuwa makavu, na yalinipita kama yanavyompita mtu wa dukani. Nikainuka. Nikamfunga vifungo, kimoja kimoja, kuanzia chini mpaka cha shingoni.