Robo ya Tano

Jumamosi ya mashindano ya magobori, katika bonde letu la milima ya Tennessee, ng'ombe wa zawadi alikuwa amefungwa kwenye uzio akicheua, asijue kwamba ameshagawanywa robo tano. Robo nne ni nyama ya washindi. Ya tano ni ngozi na mafuta, na hupewa mtu anayestahili kushukuriwa ambaye hakushinda chochote.

Wapigaji hulala kifudifudi nyuma ya gogo na kulenga msalaba uliochorwa kwenye ubao uliobabuliwa moto. Moshi ukifuka, mhenga aliyekufa zamani aliyeijua bunduki iliyolia hutoka ndani yake na kukaa mpaka upepo uuchukue moshi. Bibi wa Wilma, yule muuza mayai, alikuwa ameshatoka kwenye moshi asubuhi hiyo, akaikosoa kofia ya mjukuu wake, akaondoka. Watu waliendelea kula mahindi.

Hobart Sizemore hakuweza kula. Gobori la ukoo wake lilikuwa limening'inia juu ya meko tangu utoto wake, na leo lingelia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Angemwona Josiah Sizemore, ambaye ukoo ulisema alilitengeneza kwa mikono yake. Kamati ilikuwa imeshachonga kibao cha shaba cha kupigilia kwenye gogo: JOSIAH SIZEMORE, FUNDI BUNDUKI.

Hobart alikata kitambaa, akakipaka mafuta ya kondoo, akakizungushia risasi, akaishindilia ndani ya mtutu kwa ufito wa mdeki huku akicheka peke yake. Akalala. Akalenga. Jiwe la gumegume likatema cheche. Kimya.

"Baruti, Hobart!" uwanja mzima ulipiga kelele. "Umeweka baruti, au umeshindilia furaha tupu?"

Kwa desturi yetu, anayesahau baruti huvishwa kengele ya ng'ombe shingoni, na zamu yake, pamoja na bunduki, huchukuliwa na jirani wa kushoto. Kushoto alikuwepo Ivalee Crumley, dereva wa basi la shule, ambaye mababu zake walikuwa watumwa wa akina Sizemore. Kila mwaka Ivalee aliiambia kamati kwamba gobori lile lilitengenezwa na Cato, babu wa babu yake. Kila mwaka kamati ilimjibu kwamba hilo ni jambo la kuvutia sana.

Ivalee alipenyeza baruti kupitia tundu la moto ubavuni mwa gobori, punje kwa punje, mpaka ikakaa nyuma ya risasi.

"Ukikosa, jirani, tutakutafutia kengele yako," Hobart alisema, yake tayari ikiwa shingoni.

"Nyamaza, ng'ombe we," Ivalee alimjibu.

Gobori likanguruma. Msalaba ukapasuka katikati. Kofia zikaruka juu, za watoto na za wazee. Ndani ya moshi akatokea mwanamume mweusi mwenye aproni ya ngozi na vidole gumba vipana kama vya Ivalee.

"Nani amelegeza springi ya gobori langu?" aliuliza.

"Shikamoo, babu Cato."

"Marahaba, mjukuu. Umelenga vizuri. Kiwiko tu, kishushe."

Hobart alisogea, kengele ikilia. "Samahani, mzee. Josiah yuko wapi?"

"Josiah? Huyo hakujua tupa inashikwa upande gani. Yeye aliandika jina tu."

"Basi nionyeshe wewe hiyo springi!" Hobart alisema, macho yakimng'aa. Vichwa vitatu viliinamia gobori mpaka upepo ukavuma, vikabaki viwili.

Kamati ilikutana palepale. Ilikubali kwa kauli moja kwamba fundi ni Cato, ikamzawadia robo ya tano, na kumkabidhi Ivalee ngozi na mafuta amtunzie. Kisha kibao kikapigiliwa kwenye gogo kama kilivyo, kwa sababu shaba ilikuwa imeshachongwa.

"Hobart," Ivalee alisema, "sema neno."

"Sijawahi kufurahi kama leo," Hobart alisema, na ilikuwa kweli. Nyundo ilikuwa mkononi mwake.

Siku hizi Cato hutoka kila mara Ivalee anapolipiga gobori lile. Hukaza springi, humsifu mjukuu wake, kisha hugeukia kibao na kukisoma herufi kwa herufi. Moshi wa mlio mmoja unatosha kulisoma jina la Josiah tu. Kwa hiyo Ivalee huongeza baruti kidogo, moshi udumu mpaka afike kwenye neno FUNDI.