Kibano cha Neville

Mume wangu Neville angeweza kusema samahani, neno moja tu, mambo yakaisha. Yeye akaona ni rahisi zaidi kuvumbua kifaa.

Kwenye Kombi za zamani, vile vibasi vyenye injini nyuma, mkono wa gia uko mbele, miguuni pa dereva, na giaboksi iko nyuma kabisa. Katikati kuna rodi ndefu inayopita chini ya sakafu. Bushi, vile vipete vinavyoishikilia rodi, zikishalika, unatafuta namba mbili unapata rivasi. Kurekebisha ni kazi ya watu wawili: mmoja analala chini na spana, mwingine anakaa kwenye kiti cha dereva, ameushika mkono wa gia usisogee. Kwetu hapa Port Kembla chini alilala Neville, na juu alikaa mdogo wake Lindsay, jirani yetu wa uzio mmoja, tangu wote wawili wana nywele.

"We Lindsay, umesinzia huko?"

"Nimeshika. Kaza boliti, acha domo."

"Mkono unakutetemeka kama bibi harusi."

"Na wewe umelala hapo kama maiti, sisemi kitu."

Jumamosi nzima ilipita hivyo, na mimi nikipeleka chai. Wanaume wale hawakuwa na mahali pengine pa kuongea.

Sasa, Pasaka ile tulikuwa kambini na wenzetu wa Kombi. Watu wameshiba soseji na bia, wameuzunguka moto, Neville akaropoka: "Habari za rivasi msimuulize Lindsay. Mkewe kapiga rivasi mpaka Adelaide, mwenyewe hajasikia hata muungurumo." Watu walicheka mpaka machozi. Lindsay naye akacheka. Mkewe alikuwa ameondoka juzijuzi tu, kidonda bado kibichi. Asubuhi tulipoamka hema lake halikuwepo.

"Nenda kamuombe radhi ndugu yako," nikamwambia.

"Kwa utani? Tunataniana tangu tuko wadogo, Noelene. Atakuja mwenyewe."

Hakuja. Gia za Kombi zikaanza kusumbua, na Neville akawa anachungulia uzio wa Lindsay kila anapotoka kumwaga taka. Nikasema nitashika mimi. Eti sijui kushika! Alimtaka Lindsay, na kumuita ingekuwa kukubali kwamba amekosea. Basi akajifungia gereji, atengeneze kibano cha kushika mahali pa mtu.

Alianza na maboksi ya karatasi, akaja kwenye mbao, halafu alumini. Kibano cha kwanza kiliteleza. Cha pili kiliuchubua mkono wa gia, nikasikia matusi mpaka jikoni. Mwishowe akapata chenye meno mawili yaliyovikwa ngozi, yanaubana mkono wa gia pale chini unapoingia sakafuni, pamoja na pete ya kufunga kwenye rodi. Ile pete aliichonga mistari unayoipapasa kwa kidole, maana kule chini huoni kitu. Mtu mmoja, peke yake, anamaliza. Kilikuwa kizuri, siwezi kudanganya. Maskini, alikuwa amewazia kila kitu isipokuwa nduguye.

Wenye Kombi wakaanza kumpigia simu kukiulizia. Mmoja wa Dapto akamwambia, "Sasa sina haja ya kumsumbua mtu." Neville alirudia maneno hayo mezani kwa fahari. Mimi chakula kilinishinda.

Jumapili moja Lindsay akatokea getini na bia mbili mkononi. Mimi nilikuwa naanika nguo.

"Shemeji, yupo?"

"Yupo gereji. Pita, pita."

Pale gerejini, mlango wazi, ndugu wale wakasimama wanatazamana viatu. "Nasikia umetengeneza kitu," akasema Lindsay.

"Umesikia kweli."

Lindsay akaweka bia mezani, akafungua mlango wa Kombi, akapanda, akakaa, akaushika mkono wa gia kama siku zote. "Haya, lala chini," akasema. "Nimeshika."

Nikamuomba Mungu palepale, shuka iliyolowa mkononi: Neville alale tu, hata kama hakuna cha kukaza.

Neville akacheka kwa furaha. "Shuka bwana. Hapo hapahitajiki mtu tena. Ndiyo maana yake."

Lindsay akashuka. Akainama, akapapasa ile mistari, akauliza maswali ya maana. "Kazi safi, Nev," akasema, akaenda zake. Bia hazikufunguliwa.

Kabla ya Krismasi bango la kuuza nyumba likasimama kwake. Akahamia Townsville, mbali kaskazini, kwa binti yake.

"Lakini nilitaka aone kifaa," Neville akaniambia.

"Hakuja kuona, Neville. Alikuja kushika."

Mwaka mpya ndipo Neville akampigia nduguye simu, akaliombea radhi lile neno la kambini. Nilikuwa kando yake, nasikia.

"Yameisha hayo," Lindsay akasema. "Gia zinaingia vizuri?"

"Zinaingia."

"Basi huna shida tena. Msalimie shemeji."

"Nina shida," akasema Neville, lakini simu ilikuwa imeshakatwa.