Nani Anagusa Kinu cha Mama Ulimi?

Kinu cha kusagia kahawa hakina miguu. Mama Ulimi alikuwa na hakika na hilo, na ndiyo maana Jumatatu asubuhi alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akikikodolea macho. Alikuwa amekiweka namba kumi na mbili kwa mkono wake mwenyewe, akaonja, akaridhika, akaenda mlango wa nyuma kupokea maziwa. Dakika tano, hazikuzidi. Kurudi, pete ya kinu, ile inayopanga ulaini wa unga, inasoma kumi.

"Wewe umegusa hapa?" alimuuliza wifi yake, mke wa mdogo wake, ambaye alikuwa akifanya naye kazi kaunta moja ya duka la kahawa, mwaka wa nne sasa.

"Nani, mimi? Thubutu!" wifi akajibu, akiendelea kufuta vikombe.

Jina la Mama Ulimi hakulipata kwa umbea, ingawa kwa umbea pia hakuwa haba. Alilipata kwa kuonja. Mabarista wengine wa mji ule, watengeneza kahawa wenzake, walipima espreso, ile kahawa nzito ya mashine, kwa saa na mizani. Yeye alichovya ulimi tu, akasema, "Saga laini kidogo," na kweli kahawa ikatengemaa. Nusu yao walikuwa wamepita mikononi mwake. Jumamosi hiyo walikuwa na mashindano yao, na kiti cha kuonja alipewa yeye. Mshindi angepelekwa ng'ambo kusomea kazi mwaka mzima. Neno moja la Mama Ulimi lingempandisha mtu ndege au kumwacha palepale alipo.

Jumanne akakiweka kinu kumi na mbili, akachora hapo mstari wa penseli. Akapokea maziwa, akarudi: kumi tena. Akafikiri labda ni mtikisiko, maana kinu kile cha umeme kikianza kunguruma hata vijiko hucheza. Akasaga mara ishirini mfululizo, pete haikusogea hata unywele. Akamfikiria mwenye duka, kisha akacheka peke yake. Mwenye duka aliiogopa ile mashine, akitaka kahawa anaiomba akiwa mlangoni.

Hasira zilikuwapo, lakini udadisi ndio uliomnyima raha. Huyu ni mwizi gani asiyeiba kitu? Anakuja, anapunguza namba mbili, anakwenda zake! Ana faida gani?

Jumatano akasema kwa sauti, "Naenda kupokea maziwa," akaubamiza mlango wa nyuma, kisha akanyata na kujibanza nyuma ya maboksi ya vikombe vya karatasi. Mtu mzima na heshima zake, kachuchumaa kama anacheza kibemasa.

Akamwona wifi yake anakamua kikombe kwa namba kumi na mbili. Akaonja. Uso ukamkunjamana, akatema kwenye sinki. Akazungusha pete mpaka kumi, kahawa ikasagwa laini zaidi, akakamua nyingine. Akaonja hii, akafumba macho, akatabasamu.

"Kumbe ni wewe!"

Kikombe kilimponyoka wifi kikavunjika. "Mungu wangu! Wifi, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Sema kwanza."

"Kahawa yako..." Wifi aliinama kuokota vipande. "Kahawa yako inatoka chachu. Tangu ulipougua ile homa mwezi juzi. Wateja walianza kuacha vikombe nusu. Nikaona bora nirekebishe kimyakimya kuliko kukuvunja moyo."

"Chachu! Yangu mimi?"

Lakini hapohapo kitu kikamgonga. Tangu ile homa, kila kahawa ilikuwa chungu mdomoni mwake, chungu ya kupitiliza. Aliwalaumu wakaangaji wa buni kwamba wanaunguza. Kila wiki akakifungua kinu kidogo, kisage chenga zaidi, uchungu upungue. Hakuwahi kujiuliza kwa nini hakuna mwingine anayelalamikia uchungu huo.

"Weka vikombe vitatu," akasema. "Viwili vyako, kimoja changu. Mimi nafumba macho."

Mchezo huo aliwafundisha mabarista wote: kitafute kilicho tofauti. Alionja taratibu, akarudia. "Cha katikati."

"Hapana, wifi."

"Panga tena." Wifi akapanga. "Cha kwanza."

Mama Ulimi akafumbua macho, akamkuta wifi anajifuta machozi kwa aproni.

"Nani mwingine anajua?"

"Wifi, tuyaache."

"Nani?"

"Wote. Wale mabarista wanaokuja hapa kila Alhamisi kuonja. Wote."

"Na wananisifu! Kila Alhamisi, 'Mama, leo umetisha!' Kumbe mmenivika kilemba cha ukoka!"

"Wanakupenda."

"Wangenipenda wangeniambia." Akakaa juu ya ndoo ya kuhifadhia buni, akalia waziwazi. Aibu ilimchoma, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Kama ulimi umekwenda, yeye ni nani hapa?

Na niseme ukweli wote: lilimjia wazo la kwenda tu Jumamosi. Angetazama nyuso za waamuzi wenzake, wakikunja naye akunje, wakitabasamu naye atabasamu. Nani angethubutu kumuumbua? Kisha akamfikiria yule mshindani mmoja ambaye angeachwa nyuma kwa kura ya mtu asiyeonja kitu. Akajikaza, akachukua simu, akampigia msimamizi wa mashindano.

"Jumamosi sihukumu," akasema. "Ulimi wangu haufanyi kazi. Tafuta mwingine."

"Pole sana, mama," msimamizi akasema. "Asante kwa kusema." Hakuuliza tangu lini, na Mama Ulimi akaelewa kwamba huyu naye alikuwa anajua.

Akaiweka simu kifudifudi kaunta. Nje mteja wa kwanza alikuwa akichungulia kupitia kioo cha mlango, saa ya kufungua imefika. Mama Ulimi hakumjali.

"Nikamulie moja," alimwambia wifi yake. "Kwa namba kumi."

Wifi akakamua, akamsogezea. Mama Ulimi akapiga funda. Moto na uchungu, basi.

"Wewe ulipoonja ulitabasamu. Nilikuona. Ulionja nini?"

Wifi aliduwaa. Miaka minne, hajawahi kuulizwa swali hilo na huyu mama. Akaonja naye, akafikiri. "Inaanza kama zabibu kavu," akasema polepole. "Halafu inakuja sukari, ile inayotaka kuungua."

Mama Ulimi akapiga funda jingine, akalishikilia mdomoni, akatafuta zabibu. Hakuzipata. Akameza.

"Endelea," akasema. "Halafu?"