Taulo Zilizopauka

Kwa yule dobi, hapakuwa na doa lililomshinda. Wino, kutu, mafuta ya gari, vyote alivisugua mpaka vikaomba radhi. Basi bintiye alipoanza kuota chunusi, uso ukawa kama barabara inayosubiri lami, mzee alimkabidhi brashi ya kola na kipande cha sabuni ya mche. Binti akasugua asubuhi, akasugua jioni. Chunusi zikanenepa. Akaacha kukaa kaunta, akajificha nyuma kwenye pasi, na shuleni akamwambia mwalimu amtafute msemaji mwingine wa mdahalo badala yake.

Shangazi ndiye aliyempeleka kwa daktari wa ngozi, wakarudi na tyubu ya krimu. Uso ukaanza kutulia. Lakini taulo za bluu alizojifutia zikatoka mabaka meupe. Dobi akaziinua juani, akazigeuza. Dawa inayokula rangi ya taulo itambakishia nini mtoto? Akaitia tyubu mfukoni, na kesho yake akafunga duka, jambo ambalo hata homa haikuwahi kumlazimisha, akaenda kwa daktari kushtaki, binti nyuma, taulo kwapani kama ushahidi.

Daktari hakubisha. Alikiri kwamba krimu ile hupausha nguo, ila rangi ya ngozi inatengenezwa ndani na haifutiki hivyo. Kisha akaweka kilenzi cha kukuzia kwenye shavu la binti, picha ikatokea kwenye skrini.

Dobi alisogea. Vitundu vidogo visivyohesabika, kila kimoja na unywele wake, vikimetameta mafuta. Vingine vimeziba, vimevimba. Huo si uchafu, daktari alieleza; ni mafuta yaliyokosa njia. Pembeni palikuwa na michubuko ya brashi, na juu yake ngozi changa, nyembamba, inatambaa kutoka kila upande.

"Hapa kashona nani?" dobi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna, mzee. Inajishona yenyewe. Ila ukisugua, unaifumua."

Kwa viraka vyote alivyopiga maishani, dobi hakuwahi kuona shati linalojiziba. Akaomba aoneshwe tena. Binti naye, aliyezoea kukikwepa kioo, alitazama bila kupepesa.

"Kumbe uso wangu uko kazini," alisema.

"Basi tusiusumbue, mwanangu."

Nje alimrudishia tyubu yake. Binti akaomba wapitie shuleni, akamwambie mwalimu kwamba kwenye mdahalo atasema yeye. Dobi alitangulia, kidole kikilipapasa shavu lake mwenyewe taratibu, kama hariri asiyojua ilifumwa wapi.