Rangi ya Mlango

Fundi Taratibu alishusha ndoo kwenye ngazi za mahakama, akainua macho ukutani. Maneno alikuwa hajayasoma bado. Alitazama rangi kwanza, kama wafanyavyo mafundi wote wa kufuta kuta, apate kujua ni ya mafuta au ya maji, ya kupuliza au ya brashi. Ilikuwa ya mafuta, ya brashi, na ilikuwa kijani cha mlango wa nyumbani kwake.

Duka la kuuza rangi ile halikuwapo popote. Aliichanganya mwenyewe kutoka masalio ya makopo ya kazini, yeye na mpwa wake wakikoroga kwa kijiti uani, na dada yake, mama wa kijana huyo, akawacheka kwamba wanapika dawa ya minyoo. Wakapaka mlango, kilichobaki wakakisukuma chini ya sinki. Baadaye vijana waliandamana, na jioni yake mpwa akachukuliwa na watu waliokuja na gari lisilo na namba. Tangu hapo hakuna aliyemwona, hai wala maiti.

Ndipo Taratibu akayasoma maneno. MWANANGU YUKO WAPI. Herufi zilikuwa kubwa, zimeanzia kwenye nguzo zikaishia dirishani, na mwandishi alikuwa amezipandisha zile za mwisho juu kidogo, kama mtu aliyesimama kwenye ndoo iliyoinama.

"Umeganda nini?" aliuliza msimamizi wa jengo, mtu wa funguo nyingi na subira kidogo. Akamweleza kwamba mgeni mkubwa anakuja alasiri na wakubwa wanautaka ukuta safi kabla hajateremka garini. Kisha, akijikuna shingo, akaongeza kwamba kuna mpelelezi amepiga simu. Picha walishapiga, lakini picha haiaminiki kwa rangi. Anataka akwangue chembe kidogo, wakazilinganishe na makopo ya watu majumbani.

"Akiwahi, ataikuta," alisema msimamizi. "Asipowahi, wagombane wenyewe huko juu. Mimi nimeambiwa ukuta."

Taratibu akaitikia sawa.

Jina la Taratibu alipewa na mafundi wenzake, na halikuwa la sifa. Walimchoka kwa kuwaambia kila siku kwamba jiwe halikimbii. Jiwe la chokaa ni lainilaini, lina vitundu visivyoonekana, na hunywa chochote linachopewa. Kwanza unalilowesha lishibe maji. Kisha unapaka dawa ya kulainisha rangi, unaifuta, halafu unakandika udongo mweupe uliokorogwa kama uji mzito, unafunika kwa nailoni, unakwenda zako kulala. Uji ukikauka huivuta juu ile rangi iliyozama ndani, na kesho yake unaubandua kama ukoko wa sufuria. Tindikali ilikuwa mwiko. Alikuwa na dumu lake garini kwa ajili ya saruji iliyoganda kwenye matofali, lakini kibarua aliyewahi kulisogeza karibu na jiwe la chokaa alifukuzwa siku hiyohiyo.

Akaanza kwa utaratibu wake, maji kwanza. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya mahakama lilikuwa la mpelelezi, na kila mlango wa gari uliofungwa ulimfanya ageuke. Alijijua kuwa mwoga, na hakuwahi kuona haya kwa hilo. Asubuhi ile ya maandamano alimwambia mpwa wake kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kijana akafunga kamba za viatu huku akitabasamu. "Basi kwako, mjomba, tutakuja kucheka kila siku." Sasa hata kilio chenyewe kilikuwa kimekwama, maana huwezi kumlilia mtu ambaye hakuna aliyekuambia amekufa.

Dawa ya kwanza ilifanya kazi yake. Rangi ya juu ilivimba, ikajikunja, ikatoka na matambara. Lakini ndani ya jiwe kilibaki kivuli cha kijani, hafifu, kinachosomeka vizuri tu, na mtu mwenye kisu kidogo angepata chembe alizozitaka. Kilichohitajika kilikuwa uji wa udongo na usiku mmoja. Taratibu alitazama barabarani, akatazama ukuta, akaenda garini kuchukua dumu.

Alimimina tindikali kwenye kopo, akachagua brashi nyembamba. Kwa kuwa hakuwa na muda wa ukuta mzima, alipitisha pale penye kijani tu, herufi baada ya herufi, kutoka nguzoni hadi dirishani. Jiwe lilichemka. Povu jeupe lilitoka kwenye M, likashuka, na moshi wake ukamkaba koo. Alipofika herufi za mwisho ilimbidi apande juu ya ndoo. Kijani kilikuwa kinakwisha. Aliosha kwa maji mengi, akayafagia yote kwenye mtaro wa barabara, jambo jingine ambalo angemfukuzia mtu kazi, na jua likaukausha ukuta ukawa mweupe kama vile hakuna mama aliyewahi kuuliza kitu.

Mpelelezi alifika akiwa na bahasha tupu mkononi. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini na viatu visivyo na vumbi. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu bila kukasirika, na Taratibu akatamani kwamba angalau angekasirika.

"Ilikuwa rangi gani?"

"Kijani, afande."

"Kijani gani?"

"Kijani tu. Cha majani."

"Wewe fundi wa rangi unaniambia kijani tu." Akaushika mkono wa Taratibu, akaugeuza, akazitazama kucha. Tindikali ilikuwa imekula kila kitu, rangi na ngozi kidogo pamoja nayo. "Una mikono safi sana kwa kazi hii," alisema, akauachia. Kisha akamuuliza anakaa wapi.

Taratibu akamwambia kweli, kwa sababu uongo ulikataa kumjia. Mpelelezi alitikisa kichwa, akaikunja bahasha yake, akaondoka.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Alichukua kikwangulio na kuuanza mlango kuanzia juu. Dada yake alitoka jikoni na kisu cha vitunguu mkononi, akaitazama rangi ikidondoka sakafuni vipandevipande, akaelewa kila kitu.

"Ni wewe uliyefuta?"

"Ni mimi."

Dada alirudi ndani. Alipotoka tena alikuwa amebeba lile kopo la chini ya sinki, tupu, akaliweka karibu na mguu wa mdogo wake. Taratibu akamwambia kwamba mpelelezi anajua mtaa wao, kwamba watamchukua dada pia, na yeye Taratibu atabaki na nani katika nyumba hii. Hapo akalia. Hakuwahi kulia mbele ya dada yake tangu walipomzika mama yao.

"Mdogo wangu," alisema dada, "kila wiki nilikwenda pale kuuliza. Kaunta ile, kaunta hii. Kila mahali wananiambia, mama, andika maelezo yako uyaache hapa. Nimeandika. Nimeyaacha hapo."

Taratibu aliendelea kukwangua. Karibu na bawaba palikuwa na alama ya kidole cha mpwa wake, aliyegusa kabla rangi haijakauka. Taratibu alipazunguka, akashuka chini hadi kizingitini, akapanda tena, akapazunguka mara ya pili. Kisha akapakwangua. Dada yake aliinama, akaokota kile kipande, akaingia nacho ndani.

Kwa siku kadhaa hakuna aliyekuja. Walikula bila kuongea, wakisikiliza nyayo za njiani, na ule mlango wa mbao tupu uliwaona wakilala na nguo za kutokea.

Mvua ya kwanza ilimkuta Taratibu kwenye jukwaa la kazi, ukuta wa benki. Matone yalianguka juu ya jiwe, likanywa, likageuka rangi. Alilitazama likinywa. Mahali ambapo fundi aliyemtangulia alikuwa amekwangua kwa brashi ya waya, jiwe lilikuwa limelainika likanywa zaidi, na mistari yote ya brashi ilijitokeza myeusi. Taratibu aliona mkono wake mwenyewe ukipita na tindikali, herufi baada ya herufi, pale penye kijani tu. Akashuka kwenye jukwaa bila kuaga na kukimbia kuelekea mahakamani. Yeye, Taratibu. Wenzake walimpigia miluzi.

Watu walikuwa wamejibanza chini ya paa la ng'ambo ya barabara, na hawakuwa wakiitazama mvua. Ukuta wa mahakama ulikuwa umelowa wote, wa rangi ya mchanga, na katikati yake maneno yalisimama meusi, manene kuliko yalivyokuwa ya kijani, yamechimbwa ndani ya jiwe. Mwanamke mmoja aliyasoma kwa sauti ndogo. Mwingine akayarudia.

Dada yake alikuwa amesimama nje ya paa, mvua ikimnyeshea kichwani. Taratibu alikwenda akasimama kando yake. Alimuuliza kama kuna askari aliyemwona. Dada aliushika mkono wake wenye ngozi iliyoungua, akaukaza.

Walinzi wawili walitoka mbio na matambara. Mmoja alianza kusugua ile M ya mwanzo, akalichovya tambara kwenye dimbwi, akalikamua, akasugua tena kwa nguvu zake zote. Kila alipolowesha, herufi ilizidi kukolea.