Tope la Ghala la Nne

Kufikia saa sita mchana Slávka na rafiki yake Bohunka walikuwa wameshaonja mvinyo katika maghala matatu, glasi zimening'inia shingoni ndani ya vimfuko vya kitambaa, na viatu vyao vilikuwa vizito. Huko Moravia, nchini Cheki, mtu akimaliza glasi, udongo wa shamba lililozaa zabibu za mvinyo huo humganda nyayoni. Ndiyo maana kila mlango wa ghala una chuma cha kukwangulia viatu. Mwaka wa ukame huwa vumbi tu, lakini mwaka huo mvua zilikuwa nzuri.

Ghala la nne lilikuwa la Radim Kuběna, nalo ndilo lililomtoa Slávka nyumbani. Miaka sita nyuma alimuuzia Radim shamba la marehemu baba yake, wakaahidiana kwamba mizabibu ya mzee haitang'olewa. Radim akalizungushia ua na kufuli. Tangu hapo, kila mwaka, wikiendi ya maonjo ya mvinyo, Slávka hunywa glasi moja kwake, hukwangua viatuni udongo mweupe wa shamba lile, huufunga kwenye leso na kwenda kuumwaga kaburini kwa baba yake. Mzee aliomba azikwe shambani kwake, padri akakataa.

Mlangoni hapakuwa na chuma.

"Viatu vueni hapo hapo, mama zangu," Radim alisema, akitabasamu kupita kiasi. "Nimetandika zulia jipya."

"Zulia? Ghalani?" Bohunka alinong'ona. "Mwenzangu, huyu ana lake."

"Nyamaza, vua."

"Navua, lakini soksi yangu ina tundu. Asije akasema sikumwonya."

Radim alivuta mvinyo kwa bomba la kioo kutoka kwenye pipa lililoandikwa jina la mzee, Metoděj, kwa rangi nyeupe. Slávka aliunusa kwa muda mrefu. Hakuuamini mvinyo, wala hakuuamini mkono uliomimina. Akanywa wote.

Udongo ulikuja kama kawaida, ukapenya soksi. Ulikuwa mwekundu. Katika vilima vile vyote hakuna udongo mwekundu; zabibu hizi zilitoka mbali.

"Radim," Slávka alisema, "mizabibu ya baba iko wapi?"

"Ipo, mama. Ipo. Mwaka huu ilichoka kidogo, tukaipumzisha."

"Imelazwa wodi gani," Bohunka aliuliza, "tuipelekee uji?"

Radim alikwenda nyuma ya mapipa akarudi na beseni la maji ya vuguvugu, sabuni, na taulo begani. Mabeseni mengine saba yalikuwa yamepangwa kule nyuma, tayari kwa wageni waliofuata.

Slávka alitaka apige kelele, awaite wote waliopanga foleni nje waje waone. Lakini foleni ile ilikuwa ya pipa la Metoděj. Watu waliotoka mbali walikuwa wakilitaja jina la baba yake kwa sauti, wengine wakilikosea, na akipiga kelele leo, kesho Radim ataandika jina jingine.

Radim alipiga goti, akamvua soksi, akauosha mguu wake wa kulia polepole, kidole kwa kidole, mpaka maji yakawa mekundu.

"Hayakuunguzi?" aliuliza.

"Yanafaa," Slávka alisema, akamwinulia mguu wa pili.